Kibati Nilichokataa Kukikabidhi

Vijana wangu, miguu ya mkagua njia haistaafu. Mimi nimestaafu miaka minane sasa, barua ninayo kabatini, lakini ikifika saa kumi na moja alfajiri miguu inaamka yenyewe na kuanza kutafuta viatu. Halafu nakumbuka sina reli ya kukagua. Nina baba wa kumwamsha, kumwogesha na kumlisha. Nakaa kwanza kitandani nikiangalia ukuta. Nimechoka, na sioni kwa nini niwafiche.

Mjukuu wangu Salma, anayesoma Morogoro, ndiye aliyeniletea daftari hili. "Babu, andika mambo ya kazi yako, vijana wasome." Nadhani alitaka habari za treni. Treni mtaziona wenyewe, na siku hizi ipo hiyo mpya ya umeme inayopita kabla hujamaliza kugeuza shingo. Mimi nataka kuandika habari za kuchoka, kwa sababu najua wapo kati yenu waliobaki nyumbani na bibi au babu ambaye hamkumbuki tena mjukuu wake kwa jina. Mwaka ndiyo kwanza umeanza, watu wanajiwekea ahadi za kupunguza kitambi. Ninyi nitawaomba ahadi nyingine, lakini mniache nizunguke kidogo, ndivyo wazee tunavyofika.

Kazi yangu ilikuwa kutembea. Ukitoka Kilosa kuelekea Munisagara reli inafuatana na mto, na masika mto ule hauna adabu. Kwa hiyo lazima mtu apite kwa miguu kabla treni haijapita. Nilibeba spana ndefu begani, bendera mbili kwapani, na shingoni kibati cha shaba chenye namba. Unagonga reli, unasikiliza. Nati iliyolegea ina mlio wake, kama sufuria yenye ufa. Unakaza, unasonga mbele. Unatazama kokoto chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, maana maji huchota kokoto kidogo kidogo bila kelele, na reli inabaki inaning'inia huku ukiitazama kwa juu ni nzima kabisa.

Katikati ya njia palikuwa na karavati, daraja dogo la kupitisha maji chini ya reli. Hapo ndipo nilipokuwa nikikutana na mwenzangu Yohana, mwenyeji wa Munisagara, nikamvulia kibati nikamkabidhi. Yeye alikivaa akaendelea, mimi nikarudi nyumbani kulala. Mwenye kibati ndiye mwenye njia. Ukiwa nacho shingoni, treni ni yako na abiria wote ni wako, mpaka na yule mtoto aliyelala mapajani mwa mama yake behewa la mwisho. Ukishakitoa, hata ukisikia honi unajigeuza tu kitandani ukalala tena. Mnyapara wetu, Mzee Chande, mtu mfupi asiyewahi kupaza sauti, alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko jingine lolote.

Basi, mwaka mmoja wa mvua nyingi mke wa Yohana alijifungua kwa shida, na Yohana akaniomba nimshikie zamu kwa siri siku mbili. Nikamwambia nenda, hiyo njia yote niachie. Siku mbili zikawa nne. Nilitembea kipande changu na chake, kwenda na kurudi, bila kumwambia mnyapara, na niwaambie kweli, nilijiona mwanamume. Nilikuwa nikifika nyumbani nakula nimesimama.

Siku ya nne nikiwa narudi, nikakuta troli la wafanyakazi limesimama na Mzee Chande amechutama kando ya tuta. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akanionyesha kwa kidole. Chini ya mataruma matatu hapakuwa na kokoto hata moja, mtu angeweza kuingiza beseni. Na pembeni ya shimo, kwenye tope, palikuwa na alama za viatu, wazi kabisa, zimepita hapo hapo na kuendelea.

"Hamisi, nyayo hizi za nani?"

Zilikuwa zangu. Kisigino cha kulia kilikuwa kimeliwa upande, hata kipofu angezitambua kwa kupapasa.

"Umepita hapa macho wazi na hukuona," akasema. "Wewe umechoka, mwanangu. Nipe kibati."

Nikaanza kujitetea kwamba naweza, kwamba bado nina nguvu. Akanyoosha mkono tu. Akanirudisha nyumbani siku tatu, na siku hizo alitembea yeye mwenyewe na magoti yake mabovu. Treni ya siku ile ilisimamishwa kwa bendera, abiria wakanung'unika kucheleweshwa, na hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Nilidhani somo lile nimelishika kwa maisha yangu yote.

Sasa mje kwa baba yangu.

Baba, Mzee Shomari, ni mkulima wa Masanze tangu kuzaliwa. Mke wangu alipotangulia mbele ya haki na watoto wetu, Asha na wadogo zake, wakawa wameshaolewa na kuhamia mbali, nilimchukua baba tukae wawili hapa Kilosa. Mwanzo alisahau alipoweka kiko chake. Baadaye akawa anachukua jembe asubuhi na kutoka kwenda kulima shamba ambalo tuliliacha nikiwa bado kijana. Nilimkuta mara moja amefika njia panda, jembe begani, anamwuliza mwendesha bodaboda kama mvua za mwaka huu zitawahi. Watu wakasema amerogwa. Daktari akasema ni ugonjwa wa usahaulifu unaokuja na uzee, kwamba ubongo wenyewe ndio unaochoka, na hakuna kidonge cha kumrudishia alichosahau.

Nilikosea mengi, na ninyi mchukue bure. Kosa la kwanza nilikuwa nabishana naye. Akiuliza mama yuko wapi, namjibu, "Baba, mama alishafariki." Basi analia, kilio kipya, kwa sababu kwake habari hiyo ndiyo kwanza inafika. Jioni anauliza tena, nami namwambia tena, kwa kuwa nilifundishwa kutosema uongo. Nilimpa baba yangu msiba kila siku ya Mungu. Sasa akiniuliza mama yuko wapi, namwuliza mama anapika nini kitamu kuliko vyote, naye atanisimulia mlenda wa mama mpaka njaa imshike. Jembe nalo nililificha, tukagombana. Kumbe alichotaka ni kazi. Siku hizi namwekea mkeka na mahindi makavu, anapukuchua. Yakiisha, jirani ana mahindi mengine.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa asubuhi, na lilitokana na malezi mema.

Asubuhi moja niliingia chumbani kwake na uji. Akaniangalia, akajiinua kwa haraka, akasema, "Shikamoo."

Nilishtuka, uji ukanimwagikia kidoleni. Mnajua wenyewe. Mtoto hapokei shikamoo ya baba yake, ni kama kuvaa kanzu yake yeye akiwa hai. Nikamwambia, "Baba, mimi Hamisi, mwanao. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo, baba." Akanitazama kwa wasiwasi, akarudia kwa sauti ya chini zaidi, "Shikamoo." Nikakataa. Naye akakataa uji.

Ikawa hivyo karibu kila asubuhi, miaka miwili. Yeye ananiamkia, mimi namsahihisha, yeye anaacha kikombe kipoe. Nilifikiri ni ukaidi wa ugonjwa. Sikujiuliza hata mara moja alikuwa ananiona nani: baba yake, au mwalimu wake wa madrasa, mkubwa yeyote wa enzi hizo. Na sikukumbuka jinsi mtoto anavyojisikia anapomwamkia mkubwa asiitikiwe. Nani asiyejua? Unasimama pale unajua umekosea, hujui umekosea nini, na mkono hauendi kwenye chakula.

Dada yangu Zainabu anakaa Mikumi, anapikia madereva wa malori pale barabara kuu. Kila wiki alikuwa akinipigia.

"Kaka, nije nikae na baba, wewe uje ulale kwangu hata siku nne."

"Biashara yako utamwachia nani?"

"Yupo binti ninayefanya naye kazi. Kaka, sauti yako imekwisha."

"Mimi ndiye mkubwa, Zainabu. Watu watasema Hamisi amemtupa baba."

Watu gani, sikuwahi kuwataja. Jirani yangu, Mzee Masunja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, alikuwa akibisha hodi kila baada ya siku mbili tatu. Yeye Msukuma na baba Msagara ni watani, kama wazee wao walivyotaniana tangu zamani za misafara ya biashara. "Hodi! Mtani wangu mzima?" Nami namjibu nikiwa nimeshika geti, "Amelala." Baba yuko nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi na kuimba. Niliona haya. Niliogopa mgeni amkute baba amevua suruali, au amejisaidia hapo alipokaa, kisha atoke na hiyo picha ya Mzee Shomari. Basi nikafunga geti, na kwa kumfungia baba nikajifungia na mimi. Msikitini Ijumaa niliacha kwenda. Dawa zangu za presha ziliisha nikasema nitafuata kesho. Nilikuwa nakula nimesimama tena, na sikukumbuka ni wapi nilikula hivyo mara ya kwanza.

Ndipo ikaja tarehe moja Januari, mwaka huu huu.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nje watoto wamevaa nguo mpya wanarukia madimbwi, watu wanaitana heri ya mwaka mpya. Ndani nilikuwa nimeshamwogesha baba mara mbili, na mara mbili amejilowesha. Nikamvika kanzu ya mwisho iliyo kavu. Nikamletea uji. Akasema, "Shikamoo." Sikujibu kitu, nikamwekea kikombe mkononi. Akakiangalia, akakigeuza taratibu, akajimwagia uji wote juu ya ile kanzu.

Nikainua mkono.

Nawaandikia hivi kwa sababu nikiruka hapa daftari lote halina maana. Nilimnyanyulia baba yangu mkono, mkono huu ulioshika spana miaka yote hiyo, na nilikuwa na nia ya kuushusha. Akajikunyata ukutani, akafunika kichwa kwa mikono miwili. Kisha kutoka ndani ya mikono ile nikasikia sauti ndogo, "Shikamoo, baba. Shikamoo. Shikamoo."

Mkono ulishuka wenyewe ubavuni kwangu. Sikuweza kumwitikia. Nilitoka nikakaa kizingitini kwenye mvua, mzee mzima, nikalia. Na kitu nilichokiona mbele yangu kilikuwa lile tope la tuta na alama za viatu vyangu pembeni ya shimo. Nyayo hizi za nani? Nilikuwa nimepita hapo kila siku kwa miaka miwili, macho wazi.

Geti nilikuwa nimelisahau wazi. Mzee Masunja alipita na baiskeli yake, mfuko wa nailoni kichwani, akasimama.

"Heri ya mwaka, Baba Asha. Mtani mzima?"

Neno "amelala" lilikataa kutoka. Nikamwambia, "Mzee Masunja, nimetaka kumpiga baba."

Hakusema lahaula, hakunipa mawaidha. Aliegemeza baiskeli, akavua viatu, akaingia ndani kama mtu aliyeitwa. Nikamfuata. Baba bado yuko ukutani, uji unamchuruzika. Masunja akajishika kiuno.

"He! Nimesikia mtani wangu amekufa, nimekuja kuzika nile ubwabwa. Kumbe marehemu anaoga uji!"

Baba akashusha mikono. Akamkazia macho muda mrefu. Nikaona kitu kinatembea usoni mwake, pole pole.

"Nani kamfungulia mlango huyu Msukuma?" akauliza. "Fungieni kuku! Huyu atawachunga mpaka Shinyanga!"

Nilikuwa sijamsikia baba akimaliza utani tangu sikumbuki lini. Jina langu lilishamtoka, mama yangu kila siku anamtafuta, lakini kumtukana Msukuma hakusahau. Niliona wivu, naungama. Masunja akachukua kitambaa, akawa anamfuta huku anamwambia ugali wa Wasagara haujawahi kumshibisha hata mbuzi. Baba anacheka, anafutwa, hana habari.

"Nenda kalale, mtani," Masunja akaniambia bila kugeuka. "Huyu marehemu nitamlinda mimi."

Nilimpigia Zainabu. Nilisema maneno mawili tu, "Njoo, dada." Kesho yake mchana akashuka kwenye basi na kikapu chake. Nilimweleza kila kitu, kanzu ziko wapi, mahindi, kikombe asichokitaka, mpaka akacheka, "Kaka, huyu ni baba yangu pia." Nikatoa ufunguo wa geti mfukoni. Nilikaa nao mkononi kidogo. Halafu nikamkabidhi kama nilivyokuwa nikimkabidhi Yohana kibati pale kwenye karavati, na nikapanda basi la Mikumi bila kutazama nyuma, maana ningetazama ningeshuka.

Siku ya kwanza nilimpigia simu mara tano. Mara ya tano akaniambia, "Kaka, ukipiga tena nazima." Nikaacha. Nililala saa saba mchana nikaamka asubuhi, malori yanaunguruma nje ya dirisha na sikusikia hata moja. Nilikula wali wa moto nimekaa kwenye kiti. Nilikwenda zahanati wakanipima presha, na muuguzi, binti mdogo kabisa, akanigombeza kama mwanae. Nikamwambia naam, naam, una haki. Ijumaa niliswali na jamaa, sikumjua mtu hata mmoja, nikafurahi hivyo hivyo. Siku ya nne ndipo nilipogundua kwamba nimemkumbuka baba. Kukaa naye mfululizo kulikuwa kumeninyima hata hilo la kumkumbuka.

Ile ahadi niliyosema nitawaomba ndiyo hii. Katika nyumba yako yupo mwenye kibati. Huenda ni mama yako, huenda ni shangazi, huenda ni dada yako aliyeacha masomo. Mwangalie kama anakula amesimama. Usimwulize "nikusaidie nini," atakujibu hamna, wote tunajibu hamna. Mwambie, "Leo ni zamu yangu, nenda kalale," na unyooshe mkono kama Mzee Chande. Kaa naye mgonjwa hata kama hakujui, ukiingia jitaje jina, usimfanyie mtihani wa kukukumbuka. Na kama mwenye kibati ni wewe, basi kitoe. Mwite jirani, mwite mtani, fungua geti wamwone baba yako alivyo. Aibu niliyoiogopa mimi ilikuwa ndogo mno kuliko ile ya asubuhi ya tarehe moja. Sisi sasa tumepanga: Ijumaa Mzee Masunja anakaa naye mimi niende msikitini, na kila mwezi Zainabu anakuja siku nne. Uchovu haujaisha, nisiwadanganye. Umepungua kiasi cha kuona shimo.

Nilirudi Kilosa jua likiwa bado kali. Baba alikuwa uani kwenye mkeka wake, mahindi yamemzunguka. Nilisimama mlangoni na begi langu. Akaniona. Akaweka hindi chini, akajikongoja akasimama wima, mikono mbele, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyosimama akimwona mkubwa.

"Shikamoo."

Moyo wangu ulikataa, kama siku zote. Nikamtazama macho yake. Alikuwa ananingoja.

"Marahaba," nikamwambia.

Mabega yake yakashuka. Akatabasamu, akausogeza mkeka kunipa nafasi, na baba yangu, ambaye hajui mimi ni nani, akaniambia, "Karibu. Pole na kazi."

Sikuwahi kuambiwa pole ile na mtu yeyote kwa miaka miwili. Nikavua viatu, nikakaa, akanipa hindi nipukuchue.